Mfamasia wa mafao ya dawa Zanzibar: usomee cheti kipi?

Tangu Sheria Namba 1 ya 2023 ianzishe Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, wafamasia kadhaa wa Unguja na Pemba wamejikuta na kazi wasiyoisomea. Chuoni tulifundishwa dawa inavyofanya kazi mwilini, inavyotengenezwa na inavyohifadhiwa. Kukaa na rundo la madai ya mwezi, ukaamua lipi lilipwe, lipi lirudishwe na dawa ipi iingie kwenye kitita cha mafao, hilo halikuwemo. Mfuko ulianza na watumishi wa umma, kisha ukaingia sekta binafsi iliyo rasmi. Pembeni yake wapo waajiri wenye mipango yao ya ziada, hasa hoteli kubwa na mabenki. Kote huko anatafutwa mfamasia "anayejua bima".

Sasa vijana wanaulizana wakasomee nini, na majibu yanayozunguka ni herufi tupu: CPBS, BCPS, CEBS, CII. Mtu anaambiwa "hicho kinatambulika duniani", basi, anaanza kutafuta ada. Kutambulika duniani si hoja. La kuuliza ni kama cheti kitakusaidia kufanya uamuzi ulio mbele yako kesho asubuhi. Kwa hiyo nitavilinganisha kwa kipimo kimoja: fomu moja ya madai. Msimamo wangu nautoa mapema ili asije mtu akadhani nimeuficha. Wengi wetu tunahitaji uchumi wa afya kabla ya kitu kingine chochote, na vile vyeti vya Marekani vinavyobeba jina la kazi yenyewe ndivyo vinavyotufaa kidogo kuliko vyote.

Fomu yenyewe

Ni ya kutunga, lakini aliyewahi kukaa dawati la madai ataijua. Mpishi wa hoteli ya kaskazini mwa Unguja, umri miaka 52. Utambuzi: kisukari, presha, na maambukizi ya njia ya juu ya hewa, yaani mafua. Dawa: metformin 500 mg vidonge 90, kidonge mseto cha telmisartan na amlodipine (dawa mbili za presha ndani ya kidonge kimoja), cha jina la biashara, 30, esomeprazole 40 mg, 30, cefuroxime 500 mg, 14, na vitamini B vidonge 60. Chini kuna sahihi, muhuri na jumla.

Karani wa hesabu ataangalia kama jumla imejumlishwa sawasawa. Mfamasia anatakiwa aone zaidi. Metformin 90 ni ya mwezi mmoja kwa anayemeza mara tatu kwa siku, haina neno. Esomeprazole imeandikwa, na kwenye utambuzi hakuna ugonjwa wa tumbo hata mmoja. Cefuroxime kwa mafua ni kasoro mara mbili: mafua mengi ni ya virusi, na dawa hiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka katika kundi la antibiotiki za kuchungwa, si zile za kuanzia kama amoxicillin. Vitamini, tuseme tu ukweli, imeingia kwa mazoea. Kidonge mseto ndicho kitendawili, na nitakirudia mara kadhaa, maana hapo ndipo vyeti vinapoachana.

CPBS na ndugu zake

Marekani mafao ya dawa ya waajiri ni biashara kubwa inayojitegemea. Baina ya mwajiri na famasi anasimama wakala wa mafao ya dawa, wenyewe humwita PBM. Wakala huyo hupanga orodha ya dawa, huingia mikataba na famasi, hudai marejesho ya fedha kwa watengenezaji, na hupitisha au hukataa dai kwa kompyuta wakati mgonjwa bado amesimama kaunta. Watatu kati yao, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, hushughulikia takriban asilimia 80 ya madai ya dawa nchini humo. Julai 2024 tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara, FTC, ilitoa ripoti ya awali iliyowashutumu kwa nguvu waliyojilimbikizia juu ya bei na juu ya famasi ndogo.

CPBS, yaani cheti cha mtaalamu wa mafao ya dawa, imezaliwa humo. Inamfundisha mwajiri, au mshauri wake, kuusoma mkataba wa wakala: wapi wakala anamtoza mwajiri zaidi ya anavyoilipa famasi na kubaki na tofauti, marejesho ya mtengenezaji yameishia mfuko wa nani, na kwa nini ile "bei ya wastani ya jumla" iliyochapishwa si bei anayolipa mtu yeyote. Kwa wao ni elimu ya maana, maana fedha zinazopotea humo ni nyingi.

Lakini iweke mbele ya fomu yetu. CPBS itauliza kidonge mseto kina marejesho kiasi gani kutoka kwa mtengenezaji, na kimewekwa daraja la pili au la tatu la uchangiaji, yaani mgonjwa atatoa kiasi gani mfukoni mwake. Huku maswali hayo hayana pa kupelekwa. Mfuko au kampuni ya bima inaingia mkataba na hospitali na famasi yenyewe, na orodha ya bei ndiyo moyo wa mkataba. Dawa nyingi zetu ni jeneriki, yaani zinazouzwa bila jina la biashara la mtengenezaji wa kwanza, zilizopita kwa mwagizaji na duka la jumla. Faida inayofichwa, kama ipo, imo kwenye asilimia anayoongeza kila anayeishika dawa njiani, na mafunzo ya mikataba ya PBM hayakufundishi kuitafuta huko.

Kipo kitu kimoja cha kuchukua kwa Wamarekani bila kulipa ada ya cheti. Chama chao cha wafamasia wa huduma zinazosimamiwa, AMCP, kina mwongozo wa namna mtengenezaji anavyotakiwa kuwasilisha ushahidi anapoomba dawa yake iingie kwenye orodha: ushahidi wa tiba, ulinganisho na dawa iliyopo, na hesabu ya athari kwa bajeti. Ufupishe kurasa mbili, umpe wakala wa mauzo anayekuja ofisini na kalamu na kalenda. Wengine hawarudi.

BCPS: mganga mzuri, mhasibu wa wastani

Bodi ya Marekani inayotoa BCPS, iitwayo BPS, ilianzishwa 1976, na mitihani yake iko wazi kwa wafamasia wa nchi nyingine wenye leseni hai na uzoefu wa kazi. Hiki ni cheti cha tiba. Anayekipata amepitia dawa za moyo, sukari, figo na maambukizi kwa kina ambacho shahada ya kwanza haikifikii, na anajua kuusoma utafiti wa kitabibu bila kudanganywa na muhtasari wake.

Mbele ya fomu, huyu ndiye atakayekuzuia usifanye ubaya. Karani ataona kidonge mseto cha bei kubwa na kusema kata, apewe vidonge viwili vya jeneriki. BCPS atasema ngoja. Mgonjwa wa presha anayemeza kidonge kimoja huendelea na dawa kuliko anayemeza viwili, na ndiyo sababu WHO mwaka 2019 iliingiza vidonge mseto vya presha kwenye orodha yake ya dawa muhimu, telmisartan na amlodipine ikiwemo. Kwa hiyo mgogoro hauko kwenye mseto, uko kwenye jina la biashara. Tafuta mseto wa jeneriki kabla hujatenganisha. Na ataona pia kitu ambacho hakimo kwenye fomu: mtu wa miaka 52 mwenye kisukari na presha hana dawa ya kushusha lehemu. Dawati la madai huona kilichozidi tu. Huyu anaona na kilichopungua.

Kasoro yake ni mbili. Kwanza, amefunzwa kwa miongozo ya Marekani. Tangu 2017 vyama vyao vya moyo vinahesabu presha kuanzia 130/80, ilhali mwongozo wa WHO wa 2021 unaanzisha dawa kwa watu wengi kuanzia 140/90. Ukiileta tafsiri ya kwanza kwenye mpango wa mwajiri, idadi ya wagonjwa wa presha inapanda siku hiyo hiyo bila mtu yeyote kuumwa zaidi ya jana. Pili, ni cheti cha kulipia kodi kila mwaka kama nyumba ya kupanga, si cha kununua mara moja. Ada ya mtihani wa kwanza imekuwa dola 600, kisha dola 125 kila mwaka, na baada ya miaka 7 unatakiwa ukihuishe, ada ikiwa dola 400. Piga hesabu ya mzunguko mmoja: 600, na 125 mara 6, na 400. Hizo ni dola 1,750 kabla ya vitabu, kabla ya saa za mafunzo endelevu unazotakiwa kuzikusanya, na kabla ya nauli ya kuvuka. Ada hubadilika, kwa hiyo hakiki za mwaka wako.

Kwa mfamasia wa Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee anayekaa kwenye kamati ya dawa ya hospitali, fedha hiyo inaweza kujilipa. Kwa wa dawati la madai, sina hakika.

CEBS na GBA

Hivi ni vya mafao ya wafanyakazi kwa ujumla, kutoka taasisi ya Marekani iitwayo International Foundation of Employee Benefit Plans. GBA ni masomo 3 ya mafao ya afya na ya kikundi. Ukiongeza hadi kufikia 5 unapata CEBS. Vinakufundisha lugha ya meneja rasilimali watu: mpango ambao mwajiri anabeba hatari mwenyewe, mpango ambao hatari hiyo ameihamishia kampuni ya bima, namna ya kuweka kikomo cha hasara, namna ya kuwaeleza wafanyakazi mafao yao wakaelewa.

Shida ni kwamba sehemu kubwa ya mtaala imekaa juu ya sheria za Marekani, hasa ile ya 1974 inayotawala mipango ya waajiri. Utaikariri kwa ajili ya mtihani, hutaitumia Darajani wala Chake Chake. Na humo fomu yetu haionekani kabisa. CEBS inaanza kazi pale madai 10,000 yanapogeuka mstari mmoja kwenye bajeti.

Hata hivyo nawajua wafamasia ambao ningewashauri GBA bila kusita: wale wanaotaka kutoka kwenye dawa na kuwa washauri wa makundi ya hoteli yenye makao makuu nje. Meneja wa kundi kama hilo anazifahamu herufi hizo. Ukizungumza naye habari za esomeprazole anaangalia saa. Ukizungumza naye mwelekeo wa gharama kwa kila mfanyakazi, anakuagizia kahawa.

CII, kwa ufupi

Chartered Insurance Institute ya London ni ya 1897, ina ngazi za cheti, diploma na diploma ya juu, na kwenye makampuni ya bima ya Tanzania, bara na visiwani, herufi zake zina heshima. Ukiwa mwajiriwa wa kampuni ya bima na unataka kupanda hadi kuwa meneja wa bidhaa, usiipuuze. Ila bima ya afya humo imejengwa juu ya nchi ambayo tangu 1948 watu wake hutibiwa na NHS, huduma ya afya ya serikali, na bima binafsi ni ya kuruka foleni. Mpishi wetu wa kaskazini hana foleni ya kuruka, anataka dawa yake ya mwezi tu.

York au Muhimbili

Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli.

Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kwa miaka mingi kimekuwa kikitoa mafunzo ya uchumi wa afya kwa wataalamu wa afya kwa njia ya masafa. Unaanza na cheti cha uzamili, unaweza kuendelea hadi diploma na shahada ya uzamili. Unasoma ukiwa Wete au Fuoni, kazini unakwenda kama kawaida. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho mafunzo yake ya ufamasia yalianza 1974, kina shahada ya uzamili ya usimamizi wa dawa. Huko unajifunza uchaguzi wa dawa, makadirio ya mahitaji, ununuzi na ugavi, na unalazimika kuwepo Dar es Salaam.

Tuiweke fomu. Uchumi wa afya unaanza na swali ambalo vyeti vyote vilivyotangulia hukimbilia kulijibu bila kuliuliza: ukilinganisha na nini? Kidonge mseto cha jina la biashara, ukilinganisha na mseto wa jeneriki, ukilinganisha na vidonge viwili, ukilinganisha na kutompa kitu. Tuchukue mfano wa hesabu, tarakimu ni zangu za kufundishia tu. Hoteli ina wafanyakazi 400, wenye presha 40. Tofauti ya bei kati ya jina la biashara na jeneriki ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Mara 40, mara miezi 12, ni shilingi 7,200,000 kwa mwaka. Karani anasimama hapo na kushangilia. Mchumi wa afya anaendelea: ukihama kutoka kidonge kimoja kwenda viwili, wangapi wataacha dawa? Mmoja wao akipata kiharusi, kulazwa, mazoezi ya viungo na mshahara wa aliye kitandani vinafika ngapi? Na ile milioni 7 ikiokolewa, inakwenda kununua nini: insulini, au rangi ya ukuta wa ofisi? Akimaliza, jibu lake huenda likawa lile lile la BCPS, yaani mseto wa jeneriki, lakini safari hii lina tarakimu ambazo mwajiri, daktari na mfuko wote wanaweza kuzikagua.

Na esomeprazole? Hesabu yake ni nyepesi: faida iliyoongezeka ni sifuri, maana hakuna ugonjwa ulioandikwa. Rudisha fomu, muulize daktari kwa heshima. Huenda mgonjwa ana kiungulia na mwandishi alisahau kukiandika. Hilo hutokea sana. Hata kikithibitika, omeprazole jeneriki ndiyo ya kujaribiwa kwanza.

Udhaifu wa York ni ada ya pauni, na mifano ya kwao. Utasoma sana habari za NICE, chombo kinachoamua dawa gani NHS ilipie, ambacho kwa muda mrefu kimetumia kizingiti cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili. Tarakimu hiyo iache Uingereza. Chukua namna ya kufikiri. Nimeshaona mada ikiwasilishwa ukumbini ambapo mtu alikibeba kizingiti hicho kizima kizima, akakigeuza shilingi, na kwa mujibu wake karibu kila dawa iliyopo duniani ilikuwa na thamani ya kununuliwa Zanzibar.

Muhimbili ina mambo matatu ambayo York haina. Walimu wanaijua NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya wa bara, wanaijua Bohari ya Dawa ya bara, na watakufanya uyachambue mambo yaliyotokea kweli. Kitita kipya cha NHIF kilichoanza tarehe 1 Machi 2024, na ubishi wake na hospitali binafsi zilizodai bei mpya haziwezi kubebeka, ni darasa zima la mafao ya dawa. La pili ni tasnifu: unaweza kuandika juu ya madai ya mpango wako mwenyewe, ukapata kibali cha utafiti kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, na ukarudi na jibu ambalo ofisi inalihitaji. La tatu halipendezi kulisema lakini ndilo linalowaamulia wengi: utumishi wa umma unapandisha watu kwa shahada. Cheti cha kitaaluma kutoka nje, hata kiwe kizuri vipi, mara nyingi kinaishia kwenye faili bila kugusa daraja la mshahara. Ukisoma shahada ya nje, ihakikishe kwa Tume ya Vyuo Vikuu kabla ya kulipa, usisubiri umalize.

Bei ya Muhimbili ni familia. Boti ya Malindi ni kama saa mbili, na watu husema "Dar ni hapo tu". Muulize aliyeacha watoto Kiembesamaki kama ni hapo tu. Wa Pemba ndio kabisa, safari yake haiishi Malindi. Kwa mama mwenye mtoto mdogo au mtu pekee wa famasi ya wilaya, masafa ya York si anasa. Ndiyo njia iliyopo.

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa mfamasia wa dawati la madai asiye na haraka ya kupanda daraja: cheti cha uzamili cha York. Aliye serikalini, chini ya miaka 40, mwenye ruhusa ya masomo: Muhimbili, na asome uchumi wa afya pembeni.

Wapo watakaokutajia Kigali. Kituo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichopo Chuo Kikuu cha Rwanda kinafundisha ugavi wa chanjo na bidhaa za afya, na kinafundisha vizuri. Kama tatizo lako ni dawa kukosekana, nenda. Kama ni bei na madai, hapana.

Kisichofundishwa popote

Mwajiri wa utalii wa Zanzibar ana tabia moja ambayo sijaikuta kwenye mtaala wowote. Masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hupunguza watu au hufunga kabisa. Mchango unakatika. Mpishi wetu mwenye sukari anarudi kwao Micheweni na vidonge vya wiki mbili mfukoni. Msimu ukichanganya, anarudi kazini na presha isiyoshikika, na gharama yake inaanza upya juu kuliko ilivyokuwa.

Mpango mzuri wa dawa kwa hoteli ungempa mgonjwa wa kudumu dawa za miezi mitatu kabla ya kufunga, za jeneriki, na barua ya kumtambulisha kituo cha karibu na kwao. Ni bei ndogo. Nilimweleza ofisa utumishi mmoja jambo hili. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mfamasia, nakuelewa, lakini huyo si wangu wakati huo." Kumjibu mtu huyo kunataka hesabu ya mwaka mzima, si ya mwezi. Ndiyo sababu nyingine inayonifanya niuweke uchumi wa afya mbele.

Kabla hujalipa senti

Jipime kwanza kwa vitu vya bure. Mfumo wa WHO wa kupima matumizi ya dawa, unaosimamiwa Oslo, uko wazi mtandaoni. Dawa nyingi zimepewa kipimo cha siku kwa mtu mzima, cha kulinganishia tu, si cha kumwandikia mgonjwa: amlodipine 5 mg, metformin gramu 2, omeprazole 20 mg. Chukua metformin ya mpishi: vidonge 90 vya 500 mg ni gramu 45, yaani vipimo vya siku 22.5. Fanya hivyo kwa madai yote ya mwezi mmoja ya mwajiri mmoja, kwa kituo na kituo. Kituo kinachotoa omeprazole mara nyingi kuliko wenzake kitajitokeza chenyewe, bila wewe kumtuhumu mtu. Halafu linganisha bei unazotozwa na bei za rejea za kimataifa, kwa njia ambayo WHO na shirika la Health Action International wameifundisha tangu 2003: bei yako gawanya kwa bei ya rejea, basi.

Ukifanya kazi hiyo ukaona usingizi unakujia, ushauri wangu ni BCPS au ubaki hospitali, na hapo hakuna aibu yoyote. Wagonjwa wanawahitaji wafamasia kuliko majedwali yanavyowahitaji. Ukiona usiku umeingia na bado unafungua mafaili, lipa ada ya York.

Kuna la mwisho kuhusu nani alipe. Waajiri wengine hukubali kugharamia cheti, kisha wanakufunga kwa mkataba wa kutumikia miaka kadhaa. Si vibaya, lakini soma ibara ya vyeti vyenye ada ya kila mwaka. Kwenye BCPS, mwajiri akilipa mtihani na wewe ukahama mwaka wa tatu, dola 125 za kila mwaka na ada ya kuhuisha zinakuwa juu yako, na wakati huo huo unaweza kudaiwa urejeshe alicholipa. Omba waandike wazi kwamba deni linapungua kila mwaka unaotumikia, na kwamba ada za kila mwaka ni zao muda wote uliopo kazini. Wakikataa kuandika, hesabu kana kwamba unalipa mwenyewe, kisha uamue.